Wanataka niwachagulie farasi wa Grand National kwa fedha za mfuko wa misiba

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, naishi Liverpool na mume wangu. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Naomba jina langu lisitoke, maana Watanzania wa huku tunajuana wote.

Jambo langu linahusu Grand National, zile mbio kubwa za farasi za kuruka viunzi zinazofanyika kila Aprili pale Aintree. Nilipofika huku sikujua lolote kuhusu farasi. Aliyenifundisha ni babu mmoja niliyekuwa namhudumia, mwenyeji wa Aintree tangu utoto, ambaye alimwona kwa macho yake farasi Red Rum akishinda kwa mara ya tatu mwaka 1977. Alipozeeka macho yalififia, basi jioni nikishampa dawa ananiomba nimsomee ukurasa wa mbio gazetini. Mwanzoni nilisoma tu bila kuelewa. Yeye akanifungulia kidogo kidogo: zile namba zilizo karibu na jina la farasi ni nafasi alizomaliza mbio zilizopita, F maana yake alianguka, U alimwangusha mpandaji, P mpandaji alimsimamisha njiani. Akanifundisha kuangalia kama farasi ameshawahi kustahimili mbio ndefu, kwa sababu za Aintree ni karibu kilomita 7 na viunzi 30. Niangalie anapenda ardhi iliyolowa au kavu, amebebeshwa uzito gani, na ana umri gani, maana babu aliamini farasi wa chini ya miaka minane hajakomaa kwa kazi ile. Alifariki, Mungu amrehemu, nami nikaendelea kusoma peke yangu. Ni jambo ninalolipenda kweli.

Mwaka 2025 kina mama wa kikundi chetu tulikusanyika kwangu kuangalia mbio. Kwa utani tukachanga pauni 20, wakaniambia nichague. Nikamchagua Nick Rockett. Nilikuwa na sababu: alikuwa ameshinda mbio mbili mfululizo Ireland, Thyestes mwezi Januari na Bobbyjo mwezi Februari, na I Am Maximus aliyeshinda Aintree mwaka 2024 naye alipitia Bobbyjo hiyohiyo. Odi zake, yaani kiwango cha malipo akishinda, zilikuwa 33 kwa 1: kila pauni inaleta 33 juu ya dau lenyewe. Akashinda! Pauni 20 zikarudi 680. Tulipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje, na tangu siku ile naitwa Mama Farasi.

Sasa utani umeisha, Anti. Kikundi chetu kina mfuko wa misiba. Tunachanga kila mwezi ili mwenzetu akifariki mwili usafirishwe nyumbani, na akifiwa apate nauli. Kwenye kikao kilichopita mwenyekiti alitoa hoja kwamba pauni 1,500 za mfuko ziwekwe kwa farasi watatu nitakaowachagua mimi, tena mapema, kabla odi hazijashuka. Wengi walipiga makofi. Wenzetu Waislamu walikaa kimya. Niliposema tusiharakishe, dada mmoja akajibu, "Mwenzetu sasa anataka kula peke yake."

Habari zikafika Tanga. Mdogo wangu wa kiume ni dereva wa bodaboda. Anataka kuuza pikipiki anitumie fedha nimwekee, na asipopata mteja haraka atachukua mkopo wa kausha damu. Ananiambia, "Dada, sisi huku tunabahatisha mikeka ya mpira. Wewe unajua."

Uzito wa farasi ulipotangazwa Februari nilikesha nao. Nimepata watatu, nao ni (majina yameondolewa). Nina imani nao kuliko nilivyokuwa na imani na Nick Rockett. Siku hizi nasoma hata mbio za kawaida za Jumamosi na nimepatia mara kadhaa. Mume wangu anasema niwape majina, wakiliwa ni juu yao. Roho yangu inasita. Nikinyamaza naonekana mchoyo. Nikisema wakaliwa, nitakaa nao vipi? Na je, nikinyamaza halafu mmoja wa hao watatu akashinda?

Mama Farasi, Liverpool

*

Marahaba, mwanangu.

Majina ya farasi wako nimeyaondoa mimi, usinielewe vibaya. Nilijua kuna msomaji ambaye angeyachukua kama yalivyo akaenda nayo moja kwa moja kubeti, kwa sababu tu Mama Farasi amesema. Hilo lenyewe linaonyesha ulipofika: neno lako limekuwa na uzito ambao hukuuomba.

Kama nimekuelewa, una mambo mawili mkononi na yamekuvurugikia kwa sababu yamekuja pamoja. Moja ni elimu uliyoipata kwa yule babu, na mapenzi yaliyokuja nayo. La pili ni fedha za watu wanaotaka kuiegemea elimu hiyo: mfuko wa kikundi, na pikipiki ya mdogo wako. Hakuna anayekutaka uache kupenda farasi. Na wewe hujasema unataka utajiri. Unachouliza ni kama elimu yako ina nguvu ya kubeba fedha hizo zote, na usipoibebesha, watu wako watakuonaje.

Nianze na elimu, maana naiheshimu. Ulichofanya kwa Nick Rockett kilikuwa kusoma, wala sikuiti kubahatisha. Ulikuwa na sababu na sababu zilikuwa nzuri. Lakini zitazame zile odi zenyewe. 33 kwa 1 maana yake ni nafasi moja kati ya 34. Na tangu mwaka 2024 Grand National hukimbiwa na farasi wasiozidi 34, baada ya kupunguzwa kutoka 40. Kwa hiyo soko lote la kubeti, lenye watu wanaoishi kwa kazi hiyo, lilimpa Nick Rockett nafasi ileile ambayo mtu angepata kwa kufumba macho na kuokota karatasi moja kati ya 34. Wewe uliona zaidi ya hapo, na huenda uliona sawa. Ila hata tukisema uliona mara mbili ya walivyoona wao, bado farasi yule alikuwa na nafasi mbili kati ya 34 za kushinda na 32 za kushindwa. Siku ile ikaangukia kwenye zile mbili. Aliyeshika nafasi ya pili alikuwa I Am Maximus, aliyebeba uzito mkubwa kuliko wote, na wa tatu alikuwa Grangeclare West. Wote watatu ni wa mkufunzi mmoja, Willie Mullins. Mtu mwingine aliyesoma kurasa zilezile ulizosoma wewe, akafuata njia hiyohiyo ya Bobbyjo, angeweza kumwamini I Am Maximus na kurudi nyumbani akiwa hana ushindi. Je, tungesema hajui farasi?

Halafu kuna ule uzito uliokesha nao. Unajua kuliko mimi kwa nini upo. Mwamuzi wa uzito hukaa na rekodi ya kila farasi, kisha humbebesha hodari mzigo mkubwa na dhaifu mzigo mdogo, na nia yake ni moja: kwenye karatasi wafike wote kwa pamoja. Yaani mbio hizi zimetengenezwa makusudi ili ujuzi wa kuchagua upate taabu. Kila sifa nzuri unayoiona kwa farasi wako, mwamuzi naye ameiona, na ameshaiwekea kilo zake mgongoni.

Hata kanuni za babu, Mungu amweke pema, zina siku zinazogoma. Aliamini farasi wa chini ya miaka minane hawezi, na kwa miaka mingi alikuwa sahihi: tangu 1940 hakuna wa miaka saba aliyeshinda. Mwaka 2022 akaja Noble Yeats, miaka saba, odi 50 kwa 1, akashinda. Mwaka 1967 Foinavon alikuwa 100 kwa 1, na mkufunzi wake hakuwapo hata uwanjani, alikuwa kwenye mbio nyingine Worcester. Farasi mmoja asiye na mpandaji alikatiza mbele ya kiunzi kinachofuata baada ya kile maarufu kiitwacho Becher's Brook, wenzake wakagongana na kukwama, na Foinavon, kwa vile alikuwa nyuma sana, akapata mwanya akapita. Kiunzi chenyewe ni miongoni mwa vile vidogo vya Aintree. Hakuna ukurasa wa gazeti ambao ungemwonyesha babu jambo lile asubuhi yake.

Sisemi kwamba kila mwaka ni maajabu. Corach Rambler mwaka 2023 alikuwa ndiye aliyepewa nafasi kubwa na akashinda, na I Am Maximus mwaka uliofuata alianza kwa 7 kwa 1, miongoni mwa waliotarajiwa zaidi. Lakini 7 kwa 1 nayo ni nafasi moja kati ya nane. Yule anayetarajiwa kuliko wote, kwa hesabu ya soko lenyewe, hushindwa mara saba kati ya nane. Ukijumlisha nafasi za farasi wote kama kampuni ya kubeti inavyozitangaza, zinapita asilimia 100, na ile ziada ni ya kampuni. Ndiyo mshahara wao, unaolipwa na wachezaji.

Naomba nikuulize jambo ambalo barua yako imeliruka. Umenieleza kwa kirefu kuhusu 2025. Ile miaka mingine uliyokuwa ukimsomea babu, na ukachagua moyoni au kwa pauni yako moja, farasi wako walifika wa ngapi? Na hizo Jumamosi ambazo umepatia mara kadhaa, ambazo hukupatia ni ngapi? Sikuulizi ili nikuaibishe. Kila mtu hukumbuka ushindi na kusahau karatasi zilizotupwa, ndivyo tulivyoumbwa. Lakini kabla mtu hajauza pikipiki kwa imani yake juu yako, hesabu hiyo inapaswa kuwepo imeandikwa, yote, na uitazame wewe kwanza.

Na hizo Jumamosi zenyewe zimenigusa kidogo. Zamani ilikuwa Aprili, babu na gazeti. Sasa ni kila wiki na, nadhani, ni kwa simu. Wewe ndiye unayejua kama bado unasoma kwa raha au unasoma kwa kusukumwa. Ukiona usingizi unapungua, au unaficha kiasi ulichoweka hata kwa mume wako, hapo Uingereza kuna simu ya msaada wa kamari, 0808 8020 133, bure na saa zote. Kuna pia GamStop, ambako mtu hujifungia mwenyewe akaunti za kubeti mtandaoni kwa muda anaochagua, kuanzia miezi sita. Huenda huhitaji hata kimoja. Nimeviandika ili viwepo.

Sasa mfuko. Nimefikiria sana kile kimya cha wenzenu Waislamu. Umekitaja kwa sentensi moja ukapita, nami sikuweza kupita. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90, kamari imewekwa pamoja na ulevi, na wao wanalijua hilo. Mwenyekiti alipotoa hoja, wengine wakapiga makofi, wao wangesema nini bila kuonekana wanavunja sherehe? Wamechanga kama nyinyi. Siku mmoja wao akifariki, jeneza lake litalipiwa na mfuko uleule. Sidhani kimya chao kilikuwa ridhaa, lakini mimi sikuwapo. Wewe ulikuwapo, na unaweza kumpigia mmoja wao simu, pembeni, ukamuuliza.

Tena jiulize fedha zile ni za nani. Wachangiaji wapo, lakini pia ni za msiba ambao haujatokea. Kuna mtu, hatujui ni nani, ambaye familia yake itapiga simu usiku. Pauni 1,500 hazitoshi kusafirisha mwili mpaka Tanzania, ila zikikosekana pengo lake litaonekana siku hiyo. Yeye hawezi kuhudhuria kikao kupiga kura.

Na hilo la kuweka mapema lina mtego wake. Ukiweka dau Februari au Machi, farasi akaumia, au mwenyewe akamtoa, au asipate nafasi katika wale 34, kwa kawaida fedha imekwenda hata kabla ya mbio, isipokuwa kama kampuni imetangaza kwamba itarudisha. Odi kubwa za mapema ndiyo bei ya hatari hiyo. Mwenyekiti wenu anaijua?

Njia za kufuata ninaziona kadhaa, na hakuna iliyo rahisi.

Ya mume wako ni kuwapa majina na kunawa mikono. Ina ukweli ndani yake, kwa sababu wao ni watu wazima. Lakini umesema mwenyewe roho inasita, na kwa jinsi ninavyowajua watu wetu, wakiliwa hawatasema "tuliamua", watasema "alituambia". Mkila nako kuna gharama: mwakani hawataleta 1,500, wataleta mfuko mzima.

Unaweza kukataa kabisa. Utakuwa umelinda mfuko kwa upande wako, ila jiandae kwa maneno kwa muda, na hakuna uhakika kwamba hawatambeti farasi waliyejichagulia wenyewe. Ukikataa, sababu unayotoa ina maana kubwa. Ukisema "sina uhakika mwaka huu" watasubiri mwakani. Ukisema "fedha za misiba sizichagulii farasi, hata nikiwa na uhakika" umefunga mlango huo peke yake, na umeacha wazi ule wa urafiki.

Kuna njia ya katikati ambayo Waingereza wenyewe hufanya maofisini na majumbani. Majina ya farasi wote huandikwa kwenye karatasi, yanatiwa kwenye kofia, kila mtu anatoa pauni moja au mbili na kuokota. Atakayeokota mshindi anachukua zote. Hakuna anayechaguliwa kuwa nabii, mfuko haujaguswa, na wewe unabaki na kazi nzuri kuliko zote: kumweleza kila mama farasi aliyemwokota ni nani, ametoka wapi, ameshinda nini, kama babu alivyokueleza. Hatari yake ni kwamba hiyo nayo ni kamari, hata ikiwa ndogo, na wenzenu wengine huenda wasingependa. Wanaweza kuja kula pilau na kuangalia tu. Wengine wataona ni mchezo wa kitoto baada ya kuonja 680. Wewe unaifahamu midomo yao kuliko mimi.

Mdogo wako ndiye aliyeninyima usingizi. Kikundi kikipoteza 1,500 kitanuna na kuchanga upya. Yeye akipoteza pikipiki amepoteza kazi, na akiingia kausha damu, unajua inavyokuwa: riba inapanda kila wiki, wanakuja kuchukua kitanda na televisheni mbele ya watoto. Hata Uingereza, ambako watu wanabeti mchana kweupe, mwaka 2020 ilikatazwa kubeti kwa kadi ya mkopo, kwa sababu walishaona kinachotokea dau likiwa deni. Juu ya hayo, kampuni nyingi haziruhusu kuweka dau la mtu mwingine kwa akaunti yako, kwa hiyo hata akishinda linaweza kuzuka tatizo kwa jina lako.

Lakini sikudhani anaomba farasi tu. Anaposema "sisi huku tunabahatisha, wewe unajua" nasikia kijana aliyechoka, anayeona dada yake amevuka na anatafuta kamba ya kushika. Ukimjibu kwa hesabu za odi peke yake atahisi umemfungia mlango. Mpigie wakati hayuko barabarani. Muulize kwanza hiyo fedha angeipata angeifanyia nini. Inawezekana kuna deni ambalo hajakwambia, au mtoto anayedaiwa ada. Ukilijua hilo, huenda mna la kuzungumza ambalo halihusu Aintree kabisa. Inawezekana pia ni tamaa tu ya ujana, na atakukasirikia. Usimtumie fedha ya kumtuliza wakati ana hasira. Atajifunza kwamba hasira inalipa.

Nimebakiwa na swali lako la mwisho, na ndilo naamini linakukesha kuliko uzito wa farasi. Ukinyamaza halafu akashinda? Anaweza kushinda kweli. Sitakudanganya kwamba hawezi, umewasoma vizuri. Siku hiyo itauma, na yule dada wa "kula peke yake" atakuwa na maneno. Ila angalia maumivu hayo yanahusu nini: fedha ambazo hazikuwapo, ambazo watu wangezipata. Yapime na maumivu ya upande wa pili, ya pikipiki iliyokuwapo, mfuko uliokuwapo. Mimi siwezi kukupimia, maana moyo utakaoyabeba ni wako. Kumbuka tu kwamba mwaka 2025 mlipiga vigelegele kwa pauni 20, na sijasoma popote katika barua yako kwamba furaha ile ilikuwa ndogo kwa sababu dau lilikuwa dogo.

Kabla ya kikao kijacho, ningekuwa karibu ningekusihi uzungumze na mwenyekiti peke yake, uso kwa uso, siyo kwenye kundi la WhatsApp ambako kila mtu anajibu kwa makofi. Mwambie unachoogopa, kama ulivyoniambia mimi. Mpe nafasi ya kuiondoa hoja yake kwa heshima bila kushindwa mbele ya watu. Mdogo wako mpigie leo, kwa sababu mnunuzi wa pikipiki anaweza kupatikana wakati wowote.

Na uniandikie tena, mwanangu, kikao kikiisha. Usingoje matokeo ya mbio.

Anti